Picha ya Numbi Isiyo na Chini

Mado ameniomba niandike namna nilivyokuwa nikipiga picha za wachezaji wake wa dansi, ili watakaoshika kamera baada yangu wasianze kwa kubahatisha. Nilikubali upesi mno, kisha nikakaa wiki mbili naitazama karatasi. Sababu naijua. Ukiandika kuhusu kazi yangu lazima ufike kwenye siku ile ya nyumbani kwa sajini. Basi nitaanza mwanzo, niende polepole, na tukifika pale mtanishika mkono.

Mimi ni mwoga. Nasema mapema msije mkasikia kwa watu. Hapa Kamina mtu anayeitwa Papa Foto kila mtaa unamjua, na watu hudhani anayejulikana hivyo haogopi kitu. Uongo mtupu. Niliogopa kupiga, niliogopa kusafisha, niliogopa wateja, hasa maharusi, maana bibi harusi akitoka amefumba macho hatamlaumu Mungu aliyempa macho.

Aliyenifundisha ni Papa Ngoy, mwenye studio ndogo ng'ambo ya gare, yaani stesheni ya treni, na yeye hakuwa na subira na watu waoga. Siku ya kwanza alinifungia kwenye chumba cha giza na kamera moja na filamu moja, akaniambia nisitoke mpaka niweze kuipakia bila kuona. Nilikaa humo nikitokwa jasho hadi vidole vikajifunza vyenyewe. Nilipotoka alinitazama akasema, "Ulilia?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kesho utalia," akaenda zake kula.

Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita. Za rangi tulizipeleka Lubumbashi kwa treni, na treni yetu mnaijua, inakuja ikijisikia. Harusi ya mtu ilikuwa ikisafiri ndani ya kikopo kidogo, na mimi nikibaki hapa na hofu yangu nikiwakimbia wenye harusi sokoni. Ndiyo maana Papa Ngoy hakukubali picha moja ipotee bure. Alipoanza kunipeleka kupiga vikundi vya ngoma kwenye sikukuu alinipa sheria tatu. Ya kwanza: usitazame sura, tazama magoti, kwa sababu sura inadanganya na goti halijui kudanganya. Ya pili: ukishaona kilele cha mruko, umechelewa, kidole kitangulie jicho. Ya tatu aliisema kwa ukali wake wote: "Usitupe filme kwa muntu mwenye anashuka." Anayeshuka, alisema, hana uzuri. Mashavu yamelegea, shingo imeingia mabegani, anafanana na gunia la mihogo linaloteremshwa kwenye baiskeli.

Sheria mbili za kwanza nawarithisha jinsi zilivyo. Ya tatu tutaifikia.

Sheria ya nne nilijitungia mwenyewe, na mwalimu wake alikuwa woga. Miaka yangu ya mwanzo nilitumwa gare kupiga kikundi kilichokuwa kikicheza kupokea wageni. Nikainua kamera, nikangoja magoti yakunjwe, mara mkono ukanishika shati kwa nyuma. Askari. "Unapiga foto ya reli ju ya nani?" Nikamwambia napiga wachezaji. Akaniuliza kwa nini basi reli ipo nyuma yao. Jamani, gare bila reli ningeitoa wapi? Alifungua kamera mgongoni, akaivuta filamu yote juani, akanivisha shingoni kama kitambaa cha baridi, akanikalisha chini mpaka jioni huku wageni na wachezaji wakipita wananitazama. Hakunipiga. Laiti angenipiga ningesahau.

Tangu siku hiyo, kabla sijamtazama mtu, natazama kilicho nyuma yake. Reli, daraja, gari la jeshi, ukuta wa kambi: kama siwezi kukikwepa, nitakikata wakati wa kusafisha. Nimekata vitu vingi sana maishani mwangu. Watu walikuwa wakinisifu kwamba picha zangu ni safi.

Miaka ikapita, filamu ikafa, Papa Ngoy naye akafa, Mungu amlaze pema. Nikapata kamera ya kidijitali iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, yenye uvivu wake: unabonyeza, inafikiri kidogo, ndipo inapiga. Kadi yake ilikuwa ndogo, inajaa kabla mchezaji hajapata joto. Kwa hiyo kila wachezaji walipokunywa maji mimi nilikuwa nafuta. Na nilichokuwa nikifuta, bila hata kukitazama mara mbili, ni kushuka. Papa Ngoy alikuwa kaburini lakini kidole changu kilikuwa bado kinamtii.

Ndipo Mado akarudi kutoka Lubumbashi na ile ngoma yake isiyo na ngoma. Danse contemporaine, dansi ya kisasa, alisema. Watu wa mtaa walichungulia mlangoni mwa hangari tupu la karibu na reli, wakaona vijana wanajibingirisha chini, wanasimama, wanaganda, wanaanguka tena. Mama mmoja muuza samaki aliuliza kama wameitiwa muuguzi. Mimi nilipenda siku ileile. Kwenye harusi mtu anacheza ili aonekane. Hawa walikuwa wakicheza kana kwamba kuna kitu wanakitafuta na kitawaponyoka sasa hivi. Kwa mtu aliyeishi akiogopa kuchelewa, hiyo ni kazi ya kufa nayo.

Nilijifunza upya uzeeni. Nilijifunza kulala kifudifudi mchangani, kidevu chini, kwa sababu ukimpiga mrukaji kutoka chini anapanda mara tatu. Nilijifunza kumwambia mchezaji apige teke mchanga kabla ya kuruka, ili vumbi la kiangazi lionyeshe alikotoka. Nilijifunza kusikiliza pumzi. Mtu anavuta hewa, anaishika, na hapohapo unabonyeza. Ile kamera yangu mvivu ikimaliza kufikiri, yeye yuko juu.

Kati ya wachezaji wote, aliyekuwa akivuta pumzi na nikaogopa mimi ni Numbi. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mkimya, yatima wa mama. Alilelewa na mjomba wake, sajini Sylvain wa kambini, aliyepanga nyumba mjini na mke na watoto. Numbi aliporuka hakukunja mikono kama wengine; aliiacha nyuma, kifua mbele, kichwa kimeinama pembeni kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. Siku moja ya kiangazi, saa kumi, nikampata. Mwili wote umelala hewani, kitenge kimefunguka, nyuma yake anga tupu na ncha ya paa la hangari, na yeye yuko juu ya paa.

Chini ya picha kulikuwa na mchanga, vivuli, reli na mabehewa mawili. Nikakata. Kushuka kwake nilikuwa nimeshakufuta. Nikasafisha picha kubwa mbili, moja ya Mado, moja ya Numbi mwenyewe. Aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Papa Foto, huyu njo minyi?" Nikajibu ndiye wewe. Alikwenda nayo nyumbani akaibandika ukutani juu ya mkeka wake. Nilijiona fundi siku hiyo, wallahi nilijiona fundi.

Hazikupita wiki mbili, Mado akaingia studioni mchana bila kubisha.

"Papa Foto, banamufunga Numbi."

"Nani?"

"Kwa mujomba yake. Mutoto mudogo wa sajini iko anagonjwa, homa haitoke. Banaita nabii wa chumba cha maombi, akaona ile foto mu ukuta. Anasema njo mulozi, anarukaka. Anasema foto yako njo inashuhudia."

Sikuelewa kwanza, kisha nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Huku kwetu kila mtoto anajua kwamba mlozi, yaani mchawi, anaruka juu ya mapaa. Na mimi nilikuwa nimemweka mtoto juu ya paa, bila ardhi, bila kivuli, nikampa abebe mwenyewe mpaka nyumbani.

Mado alisema kesho asubuhi watampeleka chumba cha maombi kufunguliwa, yaani kutolewa ulozi. Siku saba bila chakula wala maji. Mtoto mmoja wa mtaa wetu aliingia chumba kama hicho anatembea, akatoka amebebwa. Nilimjua. Picha yake ya komunio nilipiga mimi.

Sasa nitawaambia jambo la aibu. Nilimwambia Mado nina wateja. Akageuza shingo, akatazama benchi tupu, akanitazama mimi. "Papa," akasema, "hakuna muntu hapa." Nikachukua kamera.

Uani kwa sajini kulikuwa na watu wachache: mke wake, mtoto mgonjwa mgongoni, nabii, aliyekuwa kijana tu mwenye shati jeupe, na bibi mmoja kwenye kiti kidogo, fimbo magotini, rozari mkononi. Huyo alikuwa Nkambo Véro, mama mzazi wa sajini, bibi yake Numbi. Alikuwa ameshuka asubuhi ile kwenye pikipiki kutoka kijijini, njia ya Kaniama, kuja kuona mgonjwa. Numbi alikuwa amepigishwa magoti kwenye changarawe karibu na ukuta. Midomo ilikuwa imepasuka. Mfuko wa nguo zake ulikuwa umewekwa nje ya mlango, na kando ya mlango bunduki imeegemezwa.

Sajini alisimama. Picha ilikuwa mkononi mwake.

"Weye njo ulipiga hii?"

"Minyi njo nilipiga, sajini."

"Sasa unionyeshe. Chini iko wapi?"

"Nilikata."

"Ulikata ju ya nini?"

"Ju ya reli. Niliogopa."

"Uliogopa nani?"

"Basoda, sajini," nikamwambia askari mwenyewe.

Mado aliinamisha kichwa. Nabii akasema polepole, bila hasira, jambo lililonitisha kuliko hasira: "Muntu wa kweli hakatake kitu."

"Na ile ingine?" sajini akauliza. "Foto ya kushuka. Kama alipanda, alishuka. Leta tuone."

Ningetoa nini siku ile nipate kushuka kumoja tu! Kubaya, kwenye ukungu, mashavu yamelegea! Nikasema nilizifuta. Nikaanza kueleza habari za kadi ndogo, na Papa Ngoy, na gunia la mihogo, nikasikia sauti yangu mwenyewe inazidi kufanana na ya mwongo.

"Basi aruke sasa," sajini akasema. "Numbi, simama. Ruka kama mu foto."

Mtoto alisimama kwa kushika ukuta. Hakuwa amekula tangu jana. Aliruka, au tuseme alijaribu. Visigino viliachana na ardhi kidogo, akayumba. Sajini akainua ile picha, akamwonyesha kila mtu. "Munaona? Hapa hata sahani hawezi kuvuka. Pale iko juu ya paa. Ile nguvu ilitoka wapi?"

Ndipo nilipoujua mtego. Asiporuka, picha inamhukumu. Akiruka vizuri, anajihukumu mwenyewe. Nabii akaniuliza na mimi nasali wapi. Nilitazama lango. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilipima hatua mpaka lango.

Nkambo Véro akakohoa.

"Sylvain. Huyu mutoto, nani alimuzala?"

"Dada yangu, mama. Munajua."

"Na dada yako, nani alimuzala?"

Sajini akaishusha ile picha.

"Basi kama iko bulozi mu damu, inaanzia kwangu. Mutatufunga bote. Lakini mbele ya kunifunga, uangalie." Akampa Mado fimbo. Akavua kandambili, moja, nyingine, akazipanga sambamba. Akakaza kitenge. Kisha akanigeukia mimi. "Weye, lala chini pale. Vile mutoto aliniambia, ulilala kwa kumupiga foto."

"Nkambo, magoti..."

"Magoti ni yangu. Lala!"

Nililala. Nimepiga wachezaji kwa miaka mingi, na sijawahi kuogopa mruko kama ule. Mwanamke wa miaka sabini na zaidi, nyonga kama vijiti vya kuwashia moto. Akianguka, nimemvunja mama wa askari mbele ya askari, na mtoto hana tena wa kumtetea. Nikichelewa kidogo tu, hakuna wa kumwomba arudie. Nikakandamiza viwiko mchangani. Sikuhesabu moja, mbili, tatu. Ukimhesabia mtu ataruka na uso wa kupigwa picha. Nikatazama magoti. Yalikuwa yamevimba, meusi, na kovu moja la jembe. Yakakunjwa. Nikasikia pumzi inaingia, inashikwa. Nikabonyeza kabla sijaona kitu, na safari hii sikuondoa kidole, nikabonyeza tena na tena.

Alipanda kimo cha kiberiti kilicholala. Alipotua, goti moja likakataa. Akaenda pembeni, na kabla sajini hajanyanyua mguu, Numbi alikuwa ameshafika. Alimdaka bibi yake kwapani, wote wawili wakakaa chini kwa kishindo.

Kisha Nkambo Véro, pale chini, akasema, "Onyesha."

Nilimpelekea sajini kamera nikiwa bado kwa magoti. Alitazama. Kwenye kioo mama yake alikuwa hewani. Kutoka pale chini nilipolala, nyayo zake zilikuwa hazigusi kitu na kichwa kiko juu ya paa la mabati, kitenge kimefunguka, vidole vya miguu vinaning'inia. Nilimwona sajini anavyobadilika rangi. Nabii alinyoosha shingo, naye akaona, akafungua mdomo.

"Sasa sema," Nkambo akamwambia mwanawe. "Mama yako anarukaka? Nipeleke kesho na mutoto."

Nilinyoosha mkono nikabonyeza kitufe cha picha inayofuata. Kushuka. Goti limekataa, mdomo wazi, jino moja mbele, kitambaa kimetoka kichwani. Halafu inayofuata: mikono ya Numbi. Halafu wote wawili chini, changarawe imewarukia, na kivuli chao kimoja.

Sajini aliipitisha mbele, akairudisha nyuma. Paa, chini. Paa, chini. Alifanya hivyo mara nyingi sana. Nabii akaanza kusema kwamba shetani ana njia nyingi, sajini hakugeuka, akamwambia, "Baba, wende," akamwonyesha lango. Kisha akanirudishia kamera, na kidole chake kikabaki juu ya ile picha ya kuanguka.

"Hii usifute," akasema.

Akaenda mlangoni, akachukua ule mfuko wa nguo, akaurudisha ndani. Mke wake alikuwa ameshatoka na mtoto kuelekea kituo cha afya, bila kumwomba mtu ruhusa. Ilikuwa malaria, kama kawaida yetu. Akapona.

Siwadanganyi kwamba mambo yalikwisha hapo. Majirani wengine waliendelea kuwavuta watoto wao Numbi akipita. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza, akasema "Hakuna shida, Papa," kwa ile sauti ya mtu ambaye shida anayo. Mwaka karibu mzima alicheza bila miguu yote miwili kuachana na ardhi. Mado hakumlazimisha. Mimi nilikuwa nakwenda hangarini, nalala mchangani, napiga wenzake, na kila picha nikiacha reli, mabehewa, ndala za watu, chochote kilichokuwepo. Picha zangu zikawa chafu. Askari mmoja alinisimamisha tena, nikamwonyesha zote, zile za kupanda na zile za kushuka. Akacheka za kushuka, akaniacha.

Kisha siku moja Numbi akaja akasimama mbele yangu kwa umbali wa kuruka. Akakunja magoti. Hakuvuta pumzi.

"Papa Foto," akauliza, "chini iko?"

Nikatazama kwenye kamera. Mchanga, reli, kivuli chake.

"Iko," nikajibu.

Akaruka.

Tangu hapo haruki mbele ya kamera bila kuuliza. Hata kwenye jukwaa kule Lubumbashi, mbele ya wageni, ameuliza, nami nikajibu kutoka sakafuni nilipolala, watu wakadhani ni sehemu ya mchezo. Nkambo Véro yuko kijijini, goti halijapona vizuri, na ile picha ya kuanguka imebandikwa nyumbani kwa sajini sebuleni. Wageni wakiuliza kwa nini wasiweke nyingine yenye heshima, huletewa kiti.

Juzi nilikabidhi kamera. Mlioipokea mnajijua. Mlilala vizuri, kidevu chini, magoti mliyatazama, nilifurahi. Numbi akaja, akakunja magoti, akauliza. Nanyi mkanyamaza, mkidhani anasema na mimi. Mlimwona alivyobaki pale amejikunja, haruki, hanyanyuki. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nilikuwa na neno mdomoni, nikalizuia, kwa sababu kutoka pale nilipokaa sikuweza kuona kilichomo ndani ya kamera yenu.

Kesho atauliza tena. Tazameni kwanza, kisha mjibuni.